Je, Kila Mnene ni Mlafi?



Kwaresima iliyopita tuliandika katika ukurasa huu juu ya kufunga, na katikati ya mafundisho tukatia mzaha. Tulisema kwamba anayetaka kuwajua wasiofunga katika parokia yake hana haja ya kuuliza. Na atazame tu matumbo ya watu wanapopanga mstari kwenda kupokea Komunyo. Twakiri kwamba tulipoyaandika maneno hayo tulicheka wenyewe. Majuma mawili yakapita pasipo mtu kutulaumu. Juma la tatu ikaja barua ya mama mmoja, imeandikwa kwa kalamu juu ya karatasi iliyochanwa katika daftari la shule.

Mama huyo, baada ya kutusalimu Tumsifu Yesu Kristo, aeleza kwamba gazeti letu husomwa nyumbani kwake kila Dominika baada ya Misa, na msomaji wa nyumba ni binti yake wa miaka 16. Binti ni mnene sana tangu utoto wake. Alipofika penye mzaha wetu alinyamaza, akalikunja gazeti, akaingia chumbani. Tangu siku hiyo haendi kupokea Komunyo, maana hataki kusimama katika mstari ule. Kabla ya hapo alikwisha kuacha kwaya, kwa kuwa siku ya kupima sare aliambiwa mbele ya wenzake apunguze kwanza ulafi ndipo akatiwe kitambaa. "Padre," aandika mama, "chakula chake ni kile kile cha ndugu zake, na sahani nampakulia mimi mwenyewe. Anataka kuungama ulafi. Mimi ulafi wake siuoni. Je, aungame nini?"

Swali hili twataka kulijibu leo, na twalijibu mbele ya wote kwa sababu kosa letu lilitendwa mbele ya wote.

Ulafi ni nini? Kanisa limeuhesabu tangu zamani katika vichwa saba vya dhambi, wala hatuna nia ya kuuondoa humo. Lakini walimu wa Kanisa hawakuupima kwa ratili wala kwa kilo. Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 hata mwaka 604, alitaja njia tano ambazo mtu huweza kukosa kwazo katika kula: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya anasa, kutaka vipikwe kwa madoido mno, kupita kiasi, na kula kwa pupa. Katika tano hizo ni moja tu inayohusu wingi. Mtu mwembamba kama ufito aweza kuwa mlafi katika nne zilizobaki, tena kila siku: yule anayemtukana mkewe kwa sababu ya chumvi, yule asiyegusa mboga kama si nyama, yule anayeanza kula hali watoto wangali shambani. Huyo hupita katika mstari wa Komunyo wala hapana amtazamaye tumbo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alilichambua jambo hilo kwa makini zaidi. (Yasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mwili mkubwa, hata wanafunzi wenzake wakamwita ng'ombe bubu kwa ukubwa wake na ukimya wake, na mwalimu wake, Mtakatifu Alberto Mkuu, akawaambia kwamba mlio wa ng'ombe huyo utasikika duniani kote. Mzaha wetu ungaliandikwa siku zake, ungalimpata yeye wa kwanza.) Katika Summa Theologiae, pale anapouliza kama ulafi ni dhambi, Thoma atoa majibu mawili ambayo twasikitika kwamba tuliyasoma seminarini tukayasahau. La kwanza ni hili: njaa na kiu kwa zenyewe ni za ile sehemu ya uhai wetu isiyotii amri ya akili, sehemu ile ile inayokuza mwili na kuyeyusha chakula, kwa hiyo ndani yake hamna fadhila wala kilema. Ulafi umo katika tamaa nyingine, ile ya hisi, iwezayo kuisikia akili na kuiasi. La pili: mtu akizidisha chakula si kwa kukitamani, bali kwa kudhani kwamba mwili wake wakihitaji, huyo hakufanya ulafi, amekosea kwa kutojua.

Basi kabla ya kumwita mtu mlafi yapasa kujua kwanza ni nini kinachosema ndani yake. Je, ni tamaa inayotafuta raha, au ni mwili unaotoa habari ya upungufu? Na mwili ukitoa habari ya upungufu usiokuwapo, ni nani aliyeudanganya? Hata Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, akiri kwamba mara nyingi hana hakika kama ni haja ya mwili inayoomba bado, au ni tamaa iliyojivika nguo za haja. Kama mtu mwenye akili ile hakuweza kupambanua ndani ya nafsi yake mwenyewe, sisi tuliwezaje kupambanua ndani ya mtu mwingine, tena kwa kumtazama kutoka altareni?

Thoma hakuwa na njia ya kujua habari hiyo ya njaa huandikwa wapi. Sisi twajua, angalau kwa sehemu.

Chini ya ubongo, katikati, mna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, yenye ukubwa kama wa korosho. Mwaka 1940 wataalamu wawili wa Chicago, Hetherington na Ranson, waliijeruhi sehemu hiyo katika vichwa vya panya, na panya wakanenepa kupita kiasi. Ikajulikana kwamba humo ndimo inamokatwa shauri la njaa na la shibe. Lakini haipothalamasi ilijuaje kama mwili una akiba au hauna? Jibu lilikuja mwaka 1994 huko New York, Jeffrey Friedman na wenzake walipogundua kwamba shahamu yenyewe, yaani mafuta ya mwili, hutoa homoni inayopelekwa ubongoni na damu. Homoni hiyo iliitwa leptini, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Leptini ikiwa nyingi, ubongo husoma: ghala imejaa. Ikiwa chache, husoma: njaa imeingia nchini. Hapo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huzidisha hamu ya kula, na hubana matumizi, ili mwili uchome chakula kidogo zaidi kuliko kawaida.

Mwaka 1997 wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao miili yao haikuweza kutengeneza leptini ifaayo. Watoto hao walizaliwa na uzito wa kawaida, kisha wakawa na njaa isiyokoma. Mmoja wao, msichana, alipofika umri wa miaka 9 alikuwa na kilo 94. Wakaanza kumdunga leptini, na baada ya mwaka mmoja alikuwa amepungua kilo 16, na njaa ile imetulia. Twajiuliza ni mara ngapi mtoto huyo alikuwa ameitwa mlafi. Hakuna aliyemhubiria fadhila ya kiasi mpaka akapona; alipewa kitu ambacho mwili wake ulikikosa.

Watoto wa namna hiyo ni wachache mno duniani. Walio wengi kati ya watu wanene wana leptini tele, kuwapita wembamba. Kengele yapigwa kwa nguvu, walakini ubongo hauisikii, nao waendelea kuandika kwamba ghala ni tupu. Kwa nini?

Sehemu moja ya jibu imetoka mahali ambapo wengi hawakutazamia, yaani katika kinga ya mwili, jeshi lile linalopigana na maradhi. Wala jambo hili halipaswi kutushangaza sana. Kila mama ajua kwamba mtoto akishikwa na malaria, kitu cha kwanza anachokataa ni chakula. Uji uliokuwa mtamu jana leo ni mchungu. Mama humbembeleza, baba humkaripia, mtoto hugeuza uso ukutani. Huo si ukaidi. Seli za kinga zinapokutana na adui hutoa wajumbe waitwao saitokini, na habari zao hufika hata ubongoni. Huko huamuru homa ipande, mwili ulale, na hamu ya kula ikatike. Basi hamu yetu ya kula haikuwa kamwe mali ya tumbo peke yake. Kinga ya mwili nayo ina kauli ndani yake, na twaiona kauli hiyo kila majira ya mvua.

Lakini kinga hufanya kazi kwa namna mbili. Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali pale huvimba, hupata joto na wekundu. Adui akishindwa, mguu hupoa. Iko namna nyingine, ndogo, isiyo na homa wala maumivu, inayodumu miezi na miaka kama kaa la moto chini ya majivu. Mwaka 1993 wataalamu wa Boston, Hotamisligil na Spiegelman pamoja na wenzao, walionyesha kwamba shahamu ya wanyama walionenepa mno hutoa moja ya hizo saitokini, ingawa hapana jeraha wala ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 2005 huko Campinas, nchini Brazil, Lício Velloso na wenzake waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi kwa majuma 16, wakaona kwamba uvimbe wa namna hiyo umewaka ndani ya haipothalamasi yenyewe. Insulini, ambayo nayo ni mjumbe wa shibe, ilikuwa imepoteza sauti yake humo. Mwaka 2008 ikaonyeshwa huko Marekani kwamba kimoja cha vichocheo vya uvimbe huo kikizimwa katika seli za sehemu hiyo ya ubongo, panya hula chakula kile kile cha mafuta wala hawanenepi kama wenzao.

Tena ubongo una walinzi wake wa pekee, seli ziitwazo maikroglia, ambazo kazi yao ni kusafisha na kulinda. Mwaka 2017 wataalamu wa San Francisco walionyesha kwamba chakula cha mafuta mengi huwaamsha walinzi hao, na kwamba walinzi wakipunguzwa, panya hula kidogo na hawanenepi kwa kadiri ile. Walinzi waliowekwa kuilinda nyumba ndio wanaofanya ghasia mlangoni, hata mjumbe hawezi kusikika.

Tumeacha kwa makusudi uchunguzi mmoja wa mwaka 2012, wa Thaler na Schwartz na wenzao huko Seattle, kwa maana ndio uliotugusa kuliko yote. Hao waliwatazama panya tangu siku ya kwanza ya kupewa chakula cha mafuta mengi. Dalili za uvimbe katika haipothalamasi zilionekana mnamo siku moja mpaka tatu, kabla panya hawajaongeza uzito wa maana. Twaomba msomaji asome tena sentensi hiyo. Sisi siku zote tulidhani kwamba mtu hula mno, kisha hunenepa, kisha mwili huharibika. Hapa dalili za madhara zatangulia, na unene wafuata. Yule panya wa siku ya nne ana njaa iliyokwisha kutiwa uongo, naye hajui.

Hatutaki kusema zaidi ya yaliyothibitishwa. Panya si binadamu. Katika watu wanene zimeonekana, kwa picha za ubongo, alama kama za kovu katika sehemu ile ile. Lakini picha haiwezi kusema lipi lililotangulia. Wala uvimbe huo si sababu pekee. Urithi una sehemu kubwa: mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba mapacha wa kufanana waliolelewa mbali mbali hukaribiana sana kwa uzito, ijapokuwa hawakula chungu kimoja. Ziko dawa zinazonenepesha, kuna kukosa usingizi, kuna majonzi. Hata hivyo yaliyokwisha kujulikana yatosha kwa swali la mama yetu. Watoto wawili waweza kula sahani moja, na mmoja haipothalamasi yake ikamwambia ameshiba, na wa pili ikamwambia bado, tena ikabana matumizi ya kile alichokula.

Hapa msomaji mmoja atatupinga, nasi twamheshimu kwa hilo. Atasema: Mheshimiwa Mhariri, ukisema hivyo umefungua mlango ambao hutaweza kuufunga. Leo mlafi atasingizia ubongo wake, kesho mlevi atasingizia wake, kesho kutwa mzinzi. Itabaki wapi hiari? Itabaki wapi dhambi, na kwa hiyo itabaki wapi toba?

Pingamizi hili ni zito. Hatutalijibu kwa kusema kwamba hiari ni ndoto, maana hilo ni uongo na ni tusi kwa watu wanene wenyewe, ambao wengi wao wana nguvu ya nia kuliko sisi. Mwaka 1944, wakati wa vita, profesa Ancel Keys wa Minnesota aliwachukua vijana 36 waliojitolea kwa hiari yao. Hawa walikuwa watu waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri, na wengi walikuwa wa makanisa yanayokataza vita. Hapana awezaye kusema kwamba nia yao ilikuwa legelege. Kwa majuma 24 walipewa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida. Walipungua karibu robo ya uzito. Na hao watu wa dhamiri wakawa wanaota chakula usiku, wanasoma vitabu vya mapishi mchana, wanalamba sahani, na wengine wakaiba. Chakula kiliporudishwa, wengine walikula mpaka tumbo likauma na bado njaa ikawapo. Haipothalamasi iliwafanyia wao kwa haki kile ambacho kwa mtu mnene hufanya kwa kudanganyika: ilisoma kwamba njaa imeingia, ikapiga mbiu usiku na mchana. Nani kati yetu aliyesimama mbele ya mbiu hiyo miaka kumi pasipo kuanguka hata siku moja?

Thoma, akimfuata Aristotle, asema kwamba akili huzitawala tamaa kama mtawala anavyotawala watu huru, ambao wanayo nguvu ya kubisha. Haizitawali kama bwana anavyomwamuru mtumwa. Mtawala aweza kuongoza, kushawishi, kungoja, kuzuia hapa na kuachia pale. Aweza pia kushindwa katika mtaa ambamo watu wamepewa habari za uongo. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ya mwaka 1992, yafundisha kwamba lawama ya tendo yaweza kupungua, au hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya kutojua, shuruti, woga, mazoea na mambo mengine ya nafsi na ya jamii. Kupungua si kufutwa kwa vyote. Msichana yule akimla kaka yake nyama kwa hila, amekosa. Akila kwa hasira ili kumkomesha mama yake, amekosa. Hayo yako ndani ya uwezo wake. Lakini saa nane za usiku, mwili wake unapopaza sauti kwamba anakufa njaa naye akaenda jikoni kutafuta kiporo, hapo dhambi ni ndogo sana kuliko tulivyozoea kuhubiri, na mara nyingine haipo.

Tena hiari haisimami mlangoni pa kinywa peke yake. Ina mahali pake mapema zaidi: dukani, sokoni, jikoni, katika saa za kula, katika kile tunachowazoeza watoto wachanga. Kama chakula chaweza kuanza kuichoma haipothalamasi ya panya katika siku tatu, basi yule mwenye mkono juu ya chungu ana sehemu ya hiari kubwa kuliko yule mwenye sahani. Hapa twasema na wazazi, tena kwa upole, maana twajua bei za vitu. Mafuta ya kukaangia na sukari ni shibe ya haraka na rahisi. Mama arudiye kazini magharibi, mwenye watoto watano na moto mmoja, haendi kuchambua mlenda. Andazi asubuhi na chipsi jioni huokoa muda. Wenye kulaumiwa zaidi ni wale wauzao soda langoni pa shule na kuipamba kwa matangazo mbele ya watoto, na sisi tunaowaachia lango hilo.

Kuna jambo jingine hatuwezi kulinyamazia. Kwetu kitambi cha mwanamume chaitwa heshima. Akirudi kutoka mjini amenenepa, wazee husema mji umempokea. Akiwa padre, waumini hufurahi kwamba parokia yamtunza. Nasi mapadre tufikapo vigangoni huchinjiwa kuku, tukala, tukashukuru, na hakuna anayeandika gazetini. Unene ule ule ukiwa juu ya mwili wa msichana wa miaka 16 huitwa dhambi. Haki iko wapi hapo? Twasema haya tukijua kwamba kanzu yetu wenyewe ililegezwa mshono mwaka jana.

Je, kufunga kuachwe? Hasha. Lakini kufunga kwa Kanisa hakukuwekwa ili kupunguza uzito. Yohane Kasiano, aliyewaandikia wamonaki katika karne ya tano, alikataa kuweka kipimo kimoja cha kufunga kwa watu wote, kwa sababu miili hailingani nguvu. Mnene aweza kufunga kweli kweli na mizani isionyeshe kitu, naye mwembamba aweza kupita Ijumaa Kuu pasipo kufunga na suruali ikamwenea vile vile. Anayetazama matumbo ili kujua nani amefunga hujifunza habari za shahamu, wala hajifunzi chochote juu ya sala.

Watu watatuuliza pia juu ya dawa mpya za sindano, maana habari zake zimefika hata vijijini. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba watu waliodungwa semaglutidi kila juma kwa majuma 68, pamoja na mashauri ya chakula na mazoezi, walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Dawa hiyo huiga homoni ya utumbo iliyo mjumbe wa shibe. Wengi walioitumia husema kwamba mawazo ya chakula yaliyokuwa yakiwafuata mchana kutwa yamenyamaza. Walioiacha walirudiwa na sehemu kubwa ya uzito katika mwaka mmoja. Wako wanaosema kwamba kutumia dawa hizo ni kuikwepa fadhila ya kiasi. Hatukubaliani nao. Hatumwambii mwenye kisukari ashinde kwa nia peke yake. Mgonjwa akiagizwa na daktari na akaweza kuipata, na aitumie kwa shukrani. Ugumu ni katika neno hilo la kuipata, kwa maana bei yake hainunuliki na familia nyingi zisomazo gazeti hili. Ni ajabu chungu kwamba vyakula vya kuichosha haipothalamasi vyauzwa kila kona, na dawa ya kuituliza yauzwa mbali.

Twarudi kwa mama na kwa binti yake. Mwanetu aungame nini? Aungame kama sisi sote: uongo akisema uongo, wivu akiona wivu, sala alizoziacha kwa uvivu, na ulafi vile vile, ikiwa dhamiri yake yamshuhudia tendo fulani la siku fulani alilolitenda kwa kujua na kwa kutaka. Asiungame mwili wake. Padre akimwuliza juu ya uzito wake kitubioni, na ajibu kwa adabu kwamba Mhariri alimwambia asilijibu swali hilo. Aende pia kwa daktari, maana unene wa namna hiyo huleta kisukari na shinikizo la damu, nasi hatumpendi kama twamficha hilo. Na aende kupokea Komunyo. Bwana wetu mwenyewe, alipokaa mezani na watu, aliitwa mlafi na mnywaji na wale waliomtazama kwa mbali; anaujua uchungu wa neno hilo.

Kwa aliyemwambia apunguze ulafi kwanza: ndugu, Katekisimu hiyo hiyo yataja kati ya dhambi juu ya heshima ya mtu ile ya kumhukumu jirani kosa la maadili bila msingi wa kutosha. Ilikuwa dhambi yako, na kabla yako ilikuwa yetu, tena yetu ilipigwa chapa na kusambazwa nchi nzima. Twamwomba binti huyo radhi. Toba bila malipizi ni nusu, kwa hiyo tumemwandikia Baba Paroko wake juu ya sare ya kwaya. Binti na apimwe upya, na kitambaa kikatwe kwa kipimo chake. Kikipungua, bei ya mita zitakazoongezwa tutailipa sisi.